Tangawizi mbichi, iliyopikwa na iliyokaushwa: namna ya kuitumia ikufae

Mara ya kwanza maziwa kunikatikia kwenye sufuria, niliyalaumu maziwa. Nilikuwa nimeyachemsha vizuri, nikaepua, kisha nikakamulia juu yake tangawizi mbichi niliyoiparuza, kiasi cha kijiko kimoja cha chakula. Nilipokoroga, kijiko kikaanza kuvuta mabonge. Nikamwaga. Nikachukua maziwa mengine, nikarudia vilevile, yakakatika tena. Mama mkwe alikuwa amekaa pembeni anachambua mchele. Akaniambia, "Mwanangu, tangawizi haianzi na maziwa. Ianze na maji, ichemke mpaka harufu yake ibadilike, ndipo maziwa yafuate." Nikafanya alivyosema, chai ikatoka safi.

Sababu niliijua baadaye. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachoitwa zinjibaini, na kazi yake ni kukatakata protini. Kikikutana na protini ya maziwa yenye moto, maziwa yanaganda. Ukikitanguliza kwenye maji yanayochemka kinakufa, na hapo maziwa yako salama. Kimeng'enya hichohicho ndicho kinacholainisha nyama ngumu ukiipaka tangawizi mbichi. Kinachokuharibia chai ndicho kinachokuokoa kwenye nyama.

Ndiyo maana mtu akiniuliza tangawizi inasaidia nini, nami humuuliza kwanza: ipi? Mbichi, iliyopikwa na iliyokaushwa hazifanyi kazi moja. Wengi hujaribu tangawizi, wakaona haikuwasaidia, kumbe walichukua isiyofaa kwa shida yao, au waliinywa wakati umeshapita, au waliweka kipande kidogo mno, au kikubwa mno tumbo likawaka moto. Mwongozo huu ni wa kuchagua ipi, kiasi gani na wakati gani.

Kwanza ijue

Tumezoea kusema mzizi wa tangawizi, lakini kile tunachokula si mzizi. Ni tunguu, yaani shina linalolala na kutambaa chini ya udongo, na ndiyo maana lina pingili na macho ya kuchipulia. Jina lake la kitaalamu ni Zingiber officinale, na ni ndugu wa manjano na iliki. Ukiyaweka majani ya mimea hiyo mitatu pamoja utaona yanavyofanana.

Ukali wa tangawizi mbichi unatokana hasa na jinjeroli. Unapoikausha, sehemu ya jinjeroli hugeuka kuwa shogaoli, ambayo ni kali takribani mara mbili ya jinjeroli. Unapoipika, sehemu nyingine hugeuka kuwa zinjeroni, yenye ukali mdogo na harufu tamu. Kwa hiyo unga unaokuchoma kooni haujachakachuliwa, ndivyo ulivyo. Na kipande kilichochemka muda mrefu kwenye mchuzi hadi ukakitafuna bila kukunja uso nacho hakikuwa kibovu; moto umekituliza.

Harufu ni jambo jingine kabisa. Hiyo hukaa kwenye mafuta mepesi yanayopaa na mvuke. Ukichemsha bila kufunika, nyumba nzima itanukia na kikombe chako kitabaki na ukali mtupu.

Sasa vipimo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopotea. Tangawizi mbichi ni maji kwa karibu asilimia 79. Maana yake gramu 5 za mbichi zina kama gramu 1 ya kitu kikavu. Kijiko cha chai cha unga, kilichosawazishwa juu kwa kisu, ni kama gramu 2. Kijiko cha chakula cha tangawizi mbichi iliyoparuzwa ni kama gramu 6. Mtu akikwambia gramu 1 ya unga kwa siku, basi ni nusu kijiko cha chai cha unga, au kijiko cha chakula cha mbichi kisichojaa sawasawa. Shika vipimo hivi viwili, vitakutosha kwa yote yanayofuata.

Kuichagua na kuitunza

Ichukue mkononi. Iliyo nzuri ni nzito kuliko unavyoitarajia, ngozi imejikaza, na ukivunja kidole chake kinakatika kwa mlio, na harufu inakurukia hapohapo. Iliyonyauka na kukunjamana bado ina ukali lakini maji yameisha, na nyuzi zake zitakusumbua kwenye meno. Iliyolainika au yenye ukungu kwenye mikato iache.

Wengine huitupa tangawizi kwa sababu wameikuta na mviringo wa rangi ya bluu-kijivu ndani. Baadhi ya aina ndivyo zilivyo. Kama ni ngumu na inanukia, itumie bila wasiwasi.

Ukifika nyumbani usiimenye. Ifunge kwenye karatasi au kitambaa kikavu, iweke kwenye friji, nayo itakaa kama wiki tatu. Ukiwa na friza ni bora zaidi: iweke nzima na ngozi yake, na ukiihitaji iparuze ikiwa bado imeganda kama jiwe. Hapo nyuzi hukatika zenyewe na unapata kitu laini kama theluji. Usingoje iyeyuke, kwa sababu ikiyeyuka hulegea na kuwa kama sifongo.

Kumenya, tumia ukingo wa kijiko, usitumie kisu. Kijiko kinakwangua ngozi tu na kinafuata mikunjo. Kisu kinaondoka na nyama, na sehemu iliyo karibu na ngozi ndiyo yenye mafuta mengi ya harufu. Kama tangawizi ni changa na ngozi ni nyembamba, ioshe kwa brashi tu inatosha. Na unapokata vipande, kata ukipitisha kisu kwa kukingama na nyuzi, usifuate urefu wake.

Kikombe cha tangawizi, hatua kwa hatua

1. Pima maji kikombe kimoja na robo kwa kila kikombe utakachokunywa. Hiyo robo itaondoka na mvuke.
2. Chukua tangawizi mbichi yenye ukubwa wa kidole gumba kuanzia kwenye kiungo hadi ncha. Hiyo ni kama gramu 5 hadi 8. Ikate vipande vyembamba kama karatasi nene, au iponde kwenye kinu. Jinjeroli haitoki kirahisi kwenye maji, kwa hiyo kipande kinene kilichotupwa kizima kitakupa maji yenye harufu tu.
3. Iweke kwenye maji yangali baridi, ndipo uwashe moto.
4. Yakianza kuchemka, punguza moto, funika, acha dakika 10. Ukitaka kali zaidi, acha 15. Zaidi ya hapo huongezi kitu cha maana.
5. Epua, acha mfuniko juu kwa dakika mbili. Ukiufunua, matone yaliyoganda chini ya mfuniko yarudishe kikombeni, harufu imo humo.
6. Chuja. Ndimu au limau weka sasa. Asali weka chai ikiwa vuguvugu ya kunyweka.

Ukitaka ya maziwa, fuata hatua hizo hadi ya 4, kisha ongeza maziwa na majani ya chai, uchemshe tena. Maziwa yatangulie au yafuate? Nadhani hilo tumeshalimaliza.

Wenye haraka hutumia unga: robo kijiko cha chai kwenye kikombe cha maji ya moto, unakoroga, unaacha dakika tano ushuke chini. Unafanya kazi. Ila ni mkali zaidi kooni, na mwenye kiungulia atausikia kuliko mbichi.

Tafadhali usimpe mtoto wa chini ya mwaka mmoja kitu chochote chenye asali, hata kama ni kijiko kimoja cha "dawa ya kikohozi" ya nyumbani. Asali inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu ambavyo utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kuvizuia, na ugonjwa wake ni wa hatari.

Kichefuchefu: hapa ndipo tangawizi ina nguvu kweli

Katika yote yanayosemwa juu ya tangawizi, hili ndilo lililopimwa zaidi na likasimama. Roho ikichafuka, tangawizi inasaidia watu wengi. Inafanya kazi tumboni penyewe: inaharakisha tumbo kusukuma chakula kwenda mbele, na inazuia baadhi ya njia zinazopeleka ujumbe wa kutapika kwenye ubongo. Haikuleweshi wala haikulazi usingizi, tofauti na dawa nyingi za kutapika safarini.

*Ujauzito wa mwanzo.* Mdogo wangu alipokuwa na mimba ya miezi miwili, kila mtu alimletea chai ya tangawizi ya moto, nyekundu kwa ukali. Mvuke wake ukimfika puani tu anakimbilia chooni. Tukadhani tangawizi haimfai. Kumbe kilichomshinda kilikuwa harufu. Tuliichemsha nyepesi, tukaichuja, tukaitia kwenye friji, akawa anainywa baridi kwa mafunda madogo, kijiko baada ya kijiko, na biskuti kavu moja kabla hajanyanyua kichwa kwenye mto. Kufikia mwisho wa wiki alikuwa anakula mlo mmoja mzima kwa siku, kisha miwili.

Namna ya kufanya:

Chukua gramu 5 za mbichi, chemsha kwenye vikombe viwili vya maji, chuja, acha ipoe. Hiyo ndiyo ya siku nzima, igawe mara nne. Funda la kwanza linywe asubuhi kabla ya kuinuka kitandani, na yanayofuata kabla ya chakula, si baada. Usikae na tumbo tupu kwa saa nyingi, maana njaa yenyewe huleta kigegezi. Anayetumia unga asizidishe jumla ya gramu 1 kwa siku, ambayo ndiyo kipimo kilichotumika katika majaribio mengi ya wajawazito. Chupa ndogo za juisi nzito ya tangawizi na vidonge vyenye dondoo kali si vya mjamzito kujiandikia mwenyewe.

Mwambie mkunga au daktari wako kwamba unaitumia. Na ukiona hata maji hayakai tumboni kwa siku nzima, mkojo umekuwa wa rangi ya chai, unapungua uzito au unasikia kizunguzungu ukisimama, hapo si tena kazi ya tangawizi. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Wapo wanawake walioambiwa wavumilie, "ni mimba tu", mpaka wakaishiwa maji kabisa mwilini. Usikubali kuwa mmoja wao.

*Safari.* Mwaka 1988 nchini Denmark, wanafunzi 80 wa jeshi la majini wasiozoea bahari walijaribiwa katika mawimbi makubwa, wengine wakapewa gramu 1 ya unga wa tangawizi na wengine kidonge kisicho na kitu. Waliopewa tangawizi hawakutapika sana kama wenzao na jasho baridi liliwapungua. Kizunguzungu na kichefuchefu chenyewe havikupungua kwa kiasi cha kujivunia. Nalitaja jaribio hili kwa sababu linasema kweli mbili kwa pamoja: inasaidia, na haimalizi kila kitu.

Siri ni wakati. Itumie saa moja kabla ya kuondoka. Mtu mzima anatosheka na nusu kijiko cha chai cha unga ndani ya uji mwepesi au ndani ya maji yenye asali. Ukianza kutafuta tangawizi wakati mate yameshajaa mdomoni na gari liko kwenye kona ya tatu, umechelewa. Ndani ya safari beba vipande vyembamba vya tangawizi iliyokaushwa kwa sukari, tafuna kimoja polepole kila baada ya muda, na kaa mahali unapoona mbele.

*Wagonjwa wa saratani wanaotumia dawa kali.* Wapo wanaopata nafuu ya kichefuchefu kwa tangawizi ikiongezwa juu ya dawa za kuzuia kutapika walizopewa hospitalini. Iongezwe juu yake, isichukue nafasi yake. Na daktari wa saratani aulizwe kwanza bila kukosa, kwa sababu dawa hizo mara nyingi hushusha chembe za kugandisha damu, na tangawizi nyingi huenda upande huohuo.

Maumivu ya hedhi

Hili wanawake wengi hawaliambiwi ipasavyo. Wanakunywa tangawizi siku ya pili, maumivu yakiwa yameshapanda mpaka kwenye mapaja, halafu wanasema haikufaa. Maumivu ya hedhi hutokana na kemikali ziitwazo prostaglandini, zinazobana misuli ya mji wa mimba, na tangawizi hupunguza utengenezwaji wake. Kemikali zikishajaa, kuzuia zisitengenezwe hakukusaidii sana kwa saa hiyo. Kwa hiyo anza mapema: siku unapoona dalili za kwanza, au siku ya kwanza yenyewe asubuhi, na uendelee kwa siku tatu.

Majaribio mengi yalitumia unga, kati ya miligramu 750 na gramu 2 kwa siku, ukigawanywa. Nyumbani hiyo ni robo kijiko cha chai cha unga, mara mbili au tatu kwa siku, pamoja na chakula. Mbichi pia inafaa, kikombe asubuhi na jioni kwa kipimo nilichotoa juu. Weka na chupa ya maji ya moto tumboni.

Maumivu yanayokulaza kitandani kila mwezi, yanayozidi mwaka hadi mwaka, au yanayokuja hata nje ya siku zako yanahitaji kuchunguzwa. Tangawizi ikiyapunguza kidogo isikufanye uahirishe.

Tumbo zito baada ya kula

Ukihisi chakula kimesimama, umeshiba kwa vijiko vichache na gesi inapanda, kunywa kikombe kidogo cha tangawizi nusu saa kabla ya mlo, au tafuna kipande chembamba kibichi chenye chembe ya chumvi. Inaharakisha tumbo kujimwaga, ndiyo sababu.

Lakini tofautisha hili na kiungulia. Kama tatizo lako ni moto unaopanda kifuani au vidonda vya tumbo, tangawizi nyingi, hasa mbichi asubuhi tumbo likiwa tupu, itakuongezea maumivu. Nimeona watu wakilazimisha kwa wiki nzima wakiamini kwamba kuwaka ndiko kupona. Kuwaka ni kuwaka. Acha.

Mafua, kikohozi na koo

Kikombe cha moto cha tangawizi, asali na limau kinatuliza koo, kinalegeza makamasi na kinakunywesha maji ambayo mwili unayahitaji ukiwa na homa. Hiyo ni faida ya kweli na inatosha. Hakiui virusi vya mafua ndani ya mwili wako, na hakichukui nafasi ya kupima malaria, nimonia au kifua kikuu. Homa isiyoshuka siku ya tatu, kikohozi kilichopita wiki mbili, au kupumua kwa shida, nenda ukapimwe.

Magoti, sukari na mengine yanayosemwa

Kwa maumivu ya magoti ya uzee, tangawizi hupunguza kidogo kwa baadhi ya watu, baada ya wiki kadhaa za kuitumia kila siku. Kwa kisukari cha aina ya 2, yapo majaribio yaliyoona sukari ikishuka kwa kiasi, lakini si kiasi cha kumfanya mtu aache dawa. Atakayeitumia kila siku aendelee kupima sukari yake, na amwambie daktari.

Kuyeyusha mafuta ya tumbo kwa maji ya tangawizi, hapana. Ukipungua ni kwa sababu uliinywa badala ya soda, na hilo ni jema kwa njia yake. Nguvu za kiume nazo zinatajwa kila mahali. Mwanaume mwenye shida hiyo, kabla ya kumeza mchanganyiko wowote, apime presha na sukari, kwa sababu mara nyingi mishipa ya damu hutoa onyo lake la kwanza kupitia hapo. Na kusugua tangawizi mbichi usoni ili kuondoa madoa kunaunguza ngozi na kuacha madoa mapya.

Jikoni

Nyama ngumu: paruza vijiko viwili vya chakula vya tangawizi mbichi kwa kilo moja, changanya na chumvi, acha saa moja hadi mbili, kisha pika. Kuku na samaki nusu saa inatosha. Usilaze usiku kucha. Kimeng'enya hakijui kusimama, na asubuhi utakuta uso wa nyama umekuwa kama ugali mwepesi. Unga na tangawizi ya chupa havifanyi kazi hii, moto na ukaushaji vimekwishakiua.

Mchuzi: weka tangawizi pamoja na vitunguu mwanzoni ukitaka ladha iliyotulia na kuenea. Weka mbichi kidogo dakika mbili kabla ya kuepua ukitaka iruke puani. Mimi huweka mara zote mbili, robo tatu mwanzoni na robo mwishoni, na sijaona njia iliyoishinda kwa mchuzi wa dengu au maharage.

Keki, biskuti na uji vinataka unga, kwa sababu shogaoli haitishwi na moto wa oveni na unga husambaa sawasawa. Matunda yenye maji mengi kama tikiti na nanasi yanataka mbichi, iliyokamuliwa na kuchujwa, matone tu.

Kukausha na kusaga mwenyewe

Unga ukikaa muda mrefu hupoteza harufu, na unaouzwa tayari huwezi kuona ulitokana na nini. Ukiweza, kausha wako.

1. Chagua iliyokomaa, ngumu, yenye nyuzi. Ioshe, ikwangue kidogo.
2. Ikate vipande vya milimita 3, vyote vilingane, la sivyo vingine vitaungua na vingine vitaoza.
3. Itandaze bila kupandana juu ya wavu au kitambaa safi, juani, iliyofunikwa kwa chandarua, na uiingize ndani jioni kabla ya umande. Kwa oveni, nyuzi joto 50 hadi 60, mlango ukiwa wazi kidogo.
4. Imekauka pale kipande kinapovunjika kwa mlio kama kijiti. Kikipinda, bado.
5. Hifadhi vipande, saga kidogokidogo unapohitaji. Chupa iwe kavu, yenye kifuniko cha kubana, gizani.

Hatua ya 3 na ya 4 usizifanyie haraka. Tangawizi iliyokauka nusu hushika ukungu, na baadhi ya ukungu hutoa sumu ya aflatoksini inayoumiza ini na isiyoondoka hata ukichemsha. Kipande chenye madoa ya kijani au meusi na harufu ya stoo tupa, na vilivyogusana nacho tupa pia.

Kuotesha kwenye chungu

Chukua tunguu lenye macho yaliyovimba, kata kipande chenye macho mawili, acha mkato ukauke siku moja au mbili. Fukia kina cha sentimita 4 hivi, macho yakitazama juu, kwenye udongo laini wenye mboji na unaopitisha maji, katika chombo kipana kuliko kirefu. Kiweke penye kivuli chepesi. Mwanzoni mwagilia kidogo sana, maana tunguu lisilo na majani halinywi, linaoza. Chipukizi linaweza kuchukua wiki kadhaa, usilichimbue kila siku kuliangalia. Majani yakianza kuwa manjano na kulala, kati ya mwezi wa 8 na wa 10 tangu upande, chimba. Ukitaka changa, yenye ngozi laini ya kulika bila kumenywa, chimbua pembeni kuanzia mwezi wa 5 na uache mama yake aendelee.

Nani ajihadhari

Ya kwenye chakula haina shida kwa karibu kila mtu. Maneno haya ni ya anayeitumia kama dawa, kila siku, kwa kiasi kikubwa. Mtu mzima mwenye afya asipite gramu 4 za kavu kwa siku, na wengi hawahitaji hata nusu yake.

Anayetumia warfarini, aspirini ya kila siku au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda aongee na daktari kwanza, kwa sababu tangawizi nayo inaweza kupunguza kuganda kwa damu. Ukianza kuona michubuko usiyoijua ilikotoka, ufizi unatoa damu, au choo kimekuwa cheusi kama lami, acha na uende hospitali. Anayesubiri upasuaji amwambie daktari mapema, naye atamwelekeza aache lini. Mwenye mawe kwenye mfuko wa nyongo aulize kabla, maana tangawizi huamsha nyongo kutiririka. Mwenye kisukari au presha anayetumia dawa ajipime mara kwa mara siku za mwanzo. Mtoto wa chini ya miaka 6 asipewe kama dawa bila ushauri. Ile iliyo kwenye mchuzi wa familia haina neno.

Ukienda kliniki na ukaulizwa unatumia dawa gani, taja na tangawizi: ni mbichi au ya unga, vijiko vingapi, na tangu lini.